Barua ya wazi kwa wakubwa wa usambazaji umeme: magari yapo tayari mtaani, acheni kuyakatalia, yapangieni

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni inayotusambazia umeme,
Kwa Mkuu wa idara ya laini za mtaani na huduma kwa wateja,
Nakala kwa mamlaka inayodhibiti huduma za nishati.

YAH: KUCHAJI MAGARI YA UMEME KWENYE LAINI ZA MTAANI

Waheshimiwa, salaam na heshima kwenu.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani na siku hizi kazi yangu kubwa ni kufunga chaja za magari. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegoma. Tumeandika barua, tumejaza fomu, tumepiga simu tukapewa namba ya malalamiko, ukipiga tena unaambiwa namba hiyo imeshafungwa, ukiuliza imefungwa na nani na kwa jibu gani hamna anayejua. Wateja wangu wamechoka, na hata mafundi wenu wa zamu wamechoka maana wao ndo wanaoamshwa usiku fyuzi ya transfoma ikikatika. Sina ugomvi na mtu. Najua laini nyingi mnazozisimamia zilichorwa na watu walioshastaafu zamani, zikapigiwa hesabu ya taa, friji, pasi na tv, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila nyumba ya pili itakuwa na kitu kinachovuta kama majiko matatu kwa pamoja na kwa masaa. Ila suala limefika mahali ambapo nikinyamaza nitakuwa nawakosea watu walioniamini niwafungie umeme salama.

Hoja yangu kubwa ni hii: magari yameshaingia, mkiyakatalia hayaondoki, yanajificha tu, na gari lililojificha ndo linalounguza transfoma. Likijulikana na kupangiwa saa na kiwango, laini hizi hizi tulizonazo zinabeba magari mengi kuliko mnavyotuambia dirishani kwenu.

1. Mkitukatalia, watu wanachaji tu

Mtu ananunua gari, anakuja kwenu kuomba aongezewe uwezo ili afunge chaja ya ukutani, anajibiwa transfoma imejaa, asubiri. Asubiri mpaka lini haambiwi. Gari analo na kesho anaenda kazini, sasa afanye nini? Anachukua ile chaja ndogo ya kubeba iliyokuja na gari, anaichomeka soketi ya sebuleni, waya unapita dirishani. Kilowati 2 na kitu kwa masaa 10 au 12, kila usiku. Soketi ya kawaida inavumilia birika la dakika tatu, au pasi ambayo muda mwingi inajizima yenyewe, haikutengenezwa kubeba mzigo wa karibu na mwisho wa uwezo wake usiku kucha bila kupumzika. Nimezifungua hizo soketi. Plastiki ya nyuma imekuwa kahawia, skrubu imelegea kwa kupata joto na kupoa kila siku, waya umekauka ukiukunja ganda linapasuka mkononi, na upande wa pili wa ukuta huo huo kuna kitanda cha mtoto. Hapo mwenye nyumba hana habari yoyote, yeye anaona gari linajaa asubuhi basi.

Kwenu nako mzigo huo hauonekani popote. Kwenye faili nyumba ile bado ni ya taa na friji. Transfoma ikiungua mnaandika sababu haijulikani, inaletwa nyingine ya ukubwa ule ule, na baada ya muda nayo inaondoka.

Ujerumani wamefanyaje? Kila chaja ya gari lazima itolewe taarifa kwa mwenye laini kabla haijaanza kutumika, na ikizidi kVA 12 (kVA ni kipimo cha uwezo, karibu sawa na kilowati) inahitaji kibali. Halafu kuanzia 1 Januari 2024 wameongeza kitu ambacho naomba mkisome kwa utulivu, kipo kwenye kifungu cha 14a cha sheria yao ya nishati: mwenye laini haruhusiwi kukataa au kuchelewesha kuunga chaja kwa kisingizio kwamba laini imejaa, ila yeye naye amepewa haki ya kushusha mvuto wa chaja hiyo kwa muda, pale laini inapozidiwa kweli, mpaka kilowati 4.2 na asishuke chini ya hapo, na mteja anapunguziwa gharama za mtandao wa umeme kama fidia. Mteja ana uhakika hakataliwi, kampuni ina uhakika haiunguzi transfoma. Sisi tunaomba mapatano ya namna hiyo, hatujaomba zawadi.

2. Mnasema transfoma imejaa bila kuipima

Hili linaniuma kuliko yote kwa hiyo nitalieleza kirefu kidogo.

Kuna mtaa niliitwa, malalamiko ni umeme mdogo jioni. Nyumba ya mwisho kabisa ya laini nikaweka mita, volti 194. Kiwango ni 230, na ukitoa asilimia 10 ambayo ndo ruhusa ya kawaida inakuja 207, kwa hiyo pale tuko chini ya ruhusa na saa mbili usiku haijafika. Friji linaunguruma linashindwa kuwaka, linajikata, linaunguruma tena, motor ya namna hiyo haina maisha marefu. Mtaa huo ndo ule ule ambao wateja wangu wawili walijibiwa kwa barua kwamba transfoma ya kVA 100 imejaa na hawawezi kuongezewa chochote.

Bahati nzuri fundi wenu wa zamu alikuwa kijana anayependa kazi yake, akakubali tupime kwenye transfoma yenyewe na klempu mita, kile kifaa cha kushika waya na kusoma ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Fezi, yaani nyaya za kuleta umeme, ziko tatu. Fezi ya kwanza ampea 210. Ya pili 70. Ya tatu 64. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ampea 140 na kitu. Waheshimiwa, transfoma ya kVA 100 kwa volti 400 kila fezi inatakiwa kubeba kama ampea 144 basi. Fezi moja ilikuwa imezidiwa karibu nusu ya uwezo wake, mbili zimelala hazifiki hata nusu, na ukijumlisha zote tatu mzigo mzima haufiki kVA 80. Haikuwa imejaa! Ilikuwa imeegemea upande mmoja, maana miaka yote hiyo kila nyumba mpya ilipounganishwa fundi alishika waya ulio karibu na mkono wake, na nyumba zote zenye chaja za fezi moja zikajikuta kwenye waya ule ule.

Kijana alihamisha nyumba chache kwenda kwenye fezi nyingine, kazi ya ngazi na spana, haikumaliza hata nusu siku. Jioni ya siku iliyofuata nyumba ya mwisho ikasoma volti 218. Hakuna kilichonunuliwa.

Naomba muelewe kwa nini hii ni hatari zaidi ya friji. Fezi zisipolingana, tofauti inarudi kwa nyutro, na nyutro inayobeba ampea 140 kila jioni inapata joto kwenye maungio. Siku ikilegea au ikikatika, nyumba zilizo kwenye fezi yenye mzigo mdogo zinaweza kupokea volti 300 na zaidi, hata kukaribia 400, mara tv, friji, balbu, chaja za simu, vyote vinaondoka kwa dakika moja. Mafundi wote mtaani tumewahi kuitwa kwenye nyumba za namna hiyo. Gari la umeme halikuleta tatizo hili, lilikuwepo, gari limelifunua tu kwa sababu ni mzigo mkubwa, wa muda mrefu, na mara nyingi wa fezi moja.

Kwa hiyo mkituandikia transfoma imejaa, ambatanisheni kipimo. Tarehe, saa, ampea za kila fezi. Kama hamna kipimo msiandike imejaa.

3. Umeme upo, shida ni saa

Tuchukue mfano wa transfoma nyingine ya ukubwa ule ule, kVA 100, yenye nyumba 60. Jioni kuanzia saa 1 mpaka saa 4 usiku watu wako nyumbani, tuseme kila nyumba kwa wastani inavuta kilowati 1 na nusu, hiyo ni 90, transfoma iko karibu na ukomo lakini inapumua. Sasa nyumba 10 zina magari, wote wamerudi kutoka kazini saa 1, wote wamechomeka chaja ya kilowati 7.4, yaani ampea 32 kwa fezi moja. Hapo umeongeza 74. Jumla 164 kwenye transfoma ya 100. Joto la kwenye koili linakua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo mzigo wa 1.64 ni joto la karibu mara 2.7. Karatasi ya ndani inayotenganisha koili ndo inayokufa, na kwa kanuni ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, inayohusu kupakia transfoma, kila nyuzi 6 za joto juu ya 98 kwenye sehemu yenye joto kali kabisa ndani, uzee wa ile karatasi unaenda mara mbili kwa kasi. Mara mbili, kisha nne, kisha nane. Ndo maana transfoma iliyokaa miaka 30 inaweza kuisha kwa misimu michache na mtu akashangaa imekuwaje.

Sasa angalieni upande wa pili. Hayo magari yanahitaji umeme kiasi gani kweli? Gari dogo la kawaida linakula kama kilowati-saa 17, yaani yuniti 17 za umeme, kwa kilomita 100. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku anatumia kama 7, ukijumlisha na unaopotea kwenye kuchaji haifiki 8. Magari 10 ni 80. Zisambaze kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, masaa sita, inakuja kama kilowati 13 tu, na saa hizo nyumba nyingi zimelala mzigo umeshuka. Umeme ule ule, magari yale yale, tofauti ni 74 za jioni au 13 za usiku.

Na kupunguza hakuhitaji mitambo ya ajabu. Chaja ya ukutani na gari zinaongea muda wote kupitia waya mdogo wa mawimbi, chaja inaliambia gari leo ruhusa yako ni ampea kadhaa usizidi, gari linatii. Hiyo imo kwenye kiwango cha IEC 61851 na inashuka mpaka ampea 6 bila kuzima. Ampea 6 ni kilowati 1.4 hivi, kwa masaa 8 ya usiku ni kilowati-saa 11, mtu anapata zaidi ya kilomita 50 asubuhi. Yaani hata mkitubana mpaka mwisho wa kubana, mtu wa kawaida bado anaenda kazini na kurudi. Gari lenyewe sehemu kubwa ya siku limesimama tu, muda wa kulijaza polepole tunao mwingi.

Tahadhari moja, nisije nikaeleweka vibaya. Transfoma hizi za mafuta zimezoea kupoa usiku, kupumzika kwake kulikuwa sehemu ya hesabu hata kama haikuandikwa. Magari yakijaza usiku wote bila mpangilio mnaiondolea mapumziko hayo, hasa sehemu za joto. Ndo maana nasema kupangiwa, sisemi kusukumia kila kitu usiku halafu mlale.

4. Bei ya usiku peke yake ni mtego

Nimesikia mnajiandaa kuleta bei nafuu ya usiku. Nzuri, tunaipokea, ila msiishie hapo. Mkisema bei inashuka saa 5 kamili, kila mwenye gari atatega chaja saa 5 kamili, na kwenye sekunde ile ile chaja zote za mtaa zinawaka pamoja. Jioni watu wanachomeka kwa kupishana, mmoja amewahi mwingine amechelewa, kupishana huko ndo kunakoiokoa laini. Bei ya saa moja kwa wote inaua kupishana, unakuta kilele cha saa 5 usiku ni kikali kuliko kile cha saa 2.

Uingereza waliliona hili wakaliwekea kanuni, zimeanza kutumika 30 Juni 2022: chaja mpya ya nyumbani lazima itoke dukani ikiwa imetegwa kuchaji nje ya masaa ya msongamano, mteja anaweza kubadilisha akitaka, na lazima ichelewe kuwaka kwa muda wa kubahatisha, mpaka dakika 10, ili zisiwake zote kwa mpigo. Dakika 10 tu za kubahatisha. Kwa mwenye gari hazina maana yoyote, kwa transfoma zina maana kubwa sana. Sioni kinachotuzuia kuwa na sharti kama hilo kabla hatujajaza mitaa na chaja bubu ambazo baadaye hamtaweza kuzibadilisha.

5. Wa kumi analipishwa transfoma nzima

Nyumba tisa za kwanza zimeunganisha bila kuulizwa. Wa kumi akija anapewa ankara ya transfoma mpya nzima pamoja na nguzo, kwa sababu yeye ndo wa mwisho. Akilipa, wale tisa wanafaidika bure, na wa kumi na moja naye anafaidika bure. Asipolipa anarudi kwenye ekstensheni ya dirishani, tumesharudi hoja ya kwanza.

Mdhibiti wa Uingereza, Ofgem, kuanzia Aprili 2023 aliondoa mzigo wa mteja anayeunganishwa kuchangia kuimarisha mtandao mpana wa umeme unaotumiwa na wote, akiacha tu zile kazi zenye gharama ya kupindukia. Naelewa ubishi uliopo, mama ambaye hana gari na hatakuwa nalo asilipie raha ya mwenye gari kwenye bili yake. Nakubaliana kabisa. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwanza sawazisheni fezi na pangeni saa, maana hivyo ni rahisi, na pale ambapo bado transfoma inahitajika, gharama igawanywe kwa wenye chaja wote wa laini ile, waliopo na watakaokuja, kidogo kidogo kwenye bili. Kumbebesha mtu mmoja kwa sababu alikuwa mwaminifu wa kuja kuomba ni kuwafundisha watu wasije.

6. Vituo vya kuchaji haraka na mabasi

Kwa kifupi. Chaja ya kilowati 150 au 350 haina kazi kwenye laini ya mtaani, iende kwenye laini kubwa na transfoma yake. Mnaowapa vibali vya vituo wapewe ramani ya wapi kuna nafasi kabla hawajanunua kiwanja, siyo baada ya kumaliza kujenga. Na mabasi ni rahisi kuyapanga kuliko magari yetu, yanalala sehemu moja na ratiba inajulikana. Shenzhen kule China mpaka mwisho wa 2017 ilikuwa imebadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, na kuyachaji usiku kwenye yadi ni sehemu kubwa ya ilivyowezekana.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia.

Mtasema magari bado ni machache. Kwa nchi nzima sawa, ila transfoma haiungui kwa wastani wa nchi, inaungua kwa mtaa wake. Gari la umeme linaenda kwa ujirani, mmoja akinunua jirani anauliza, mwaka unaofuata wako watano kwenye laini moja na mtaa wa pili hakuna hata mmoja. Mradi wa majaribio wa My Electric Avenue Uingereza, uliomalizika 2015, uliweka magari kwa makusudi kwenye mitaa michache ili kuona hili, na hesabu yao ilisema karibu thuluthi ya laini za mtaani za nchi ile zingehitaji kufanyiwa kitu pale ambapo wateja 40 mpaka 70 kati ya 100 wana magari, tena kwa chaja ndogo ya kilowati 3.5. Maana yake pia ni kwamba thuluthi mbili hazikuhitaji kitu. Kazi ni kujua zipi ni zipi, na hilo halijulikani ukiwa umekaa ofisini.

Mtasema wateja hawatakubali chaja zao kuguswa na kampuni. Majaribio ya Electric Nation, hapo hapo Uingereza, yalikuwa na karibu madereva 700 ambao chaja zao zilikuwa zinapunguzwa kwa mbali laini ikizidiwa, na wengi waliridhika, maana gari linajaa asubuhi kama kawaida. Mtu anachotaka ni mambo mawili: aambiwe mapema, na siku ana safari awe na kitufe cha kusema leo nahitaji kujaa haraka. Mkimpa hivyo viwili hana shida. Mkimficha atachukia, na atakuwa na haki.

Mtasema bajeti ya vipimo hakuna. Kifaa cha kupima ampea za transfoma na kutuma taarifa ni kitu kidogo sana ukilinganisha na transfoma yenyewe pamoja na lori, winchi na mtaa mzima kukaa gizani. Na hata kabla ya vifaa, anzeni na klempu mita na daftari, mafundi wenu wanajua mitaa yenye shida kwa majina.

Mtasema tunasubiri teknolojia ya gari kurudisha umeme kwenye laini, hapo ndo tutapanga kila kitu pamoja. Nafurahia hiyo teknolojia, kiwango cha ISO 15118-20 kilichotoka 2022 kimeweka lugha yake, na betri ya kilowati-saa 60 iliyosimama nje ya nyumba ni akiba kubwa. Lakini huwezi kupokea umeme kutoka kwenye gari ambalo hujui lipo wapi wala liko fezi ipi. Hatua ya kwanza ni ile ile.

Na mtasema sera haijatoka. Hiyo nawaelekezea wa mamlaka ya udhibiti, nakala mnayo. Kusawazisha fezi hakuhitaji sera. Kupima hakuhitaji sera. Kumjibu mteja kwa maandishi hakuhitaji sera.

Tunachoomba, kwa heshima zote:

Kwanza, fungueni daftari la chaja. Fomu fupi ya ukurasa mmoja, bure, bila adhabu kwa waliokwisha kufunga, ili watu wasiogope kujitokeza. Sisi mafundi tutaijaza wenyewe kila tunapofunga, tunawapa ukubwa wa chaja, fezi na namba ya nguzo.

Pili, ndani ya siku 90 pimeni ampea za kila fezi, jioni, kwenye transfoma zote zenye malalamiko ya umeme mdogo au zenye chaja zinazojulikana, sawazisheni zinazosawazishika, na vipimo hivyo viwekwe wazi ili mtu aone transfoma yake ina nafasi kiasi gani.

Tatu, msimkatalie mtu chaja bila kumpa njia mbadala. Kama kilowati 7 haiwezekani mpeni 3.7, au mpeni 7 ya usiku na ampea 6 za jioni, mwandikieni aamue. Kwenye majengo ya ghorofa ruhusuni chaja nyingi zigawane uwezo mmoja uliopo, vifaa vya kugawana vipo na vinafanya kazi.

Nne, mamlaka iweke sharti kwamba chaja mpya zote zikubali kupunguzwa kwa mbali kwa lugha ya wazi ambayo kampuni yoyote inaweza kuitumia, OCPP ipo na inajulikana, na ziwe na ucheleweshaji wa kubahatisha. Hapo hapo iweke ukomo, asishushwe mtu chini ya kiwango fulani, isizidi masaa fulani kwa siku, na kila ushushaji uandikwe kwenye bili aone.

Tano, bei ya usiku ikija, msiweke saa moja kwa mji mzima. Pishanisheni kwa mitaa.

Sita, ankara za transfoma nzima kwa mteja mmoja zisimamishwe mpaka utaratibu wa kugawana utoke, na waliokwisha kulipa peke yao mkae nao.

Mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kukaa na wahandisi wenu siku yoyote, usiku au mchana, tuzunguke na klempu mita kwenye mitaa tunayoijua, bila malipo. Vipimo nilivyovitaja hapo juu ninavyo kwa maandishi na nitavikabidhi kwa mhandisi yeyote mtakayemteua, sitavitoa na jina la mteja wala la yule kijana wenu ambaye alifanya kazi nzuri na sitaki aje kuulizwa kwa nini alipanda nguzo. Naomba majibu ya maandishi kwa hoja zote sita, moja moja, na mamlaka ya udhibiti ipate nakala yake.

Wenu katika kazi,
Fundi umeme, kwa niaba ya mafundi wenzangu na wateja waliokubali niwasemee.